Goti la Shangazi

Goti la kulia la Komeo lilikuwa limegoma, na kama ilivyo kwa migomo yote mikubwa, halikutaka mazungumzo. Siku plasta ilipokatwa kwa kile kijisumeno chenye kelele nyingi kuliko kazi, ukoo mzima ulitarajia mguu utoke humo kama kifaranga, ukijinyoosha na kuomba chakula. Kilichotoka ni kitu chembamba chenye magamba, kinachonuka kama soksi ya bweni, na katikati yake goti lililokaa kimya kama mgeni aliyenuniwa. Ulipolisukuma lilikunja kidogo, kwa heshima tu, kisha likakataa.

Jina la Komeo alipewa shuleni kwa sababu yeye ni kipa, na langoni kwake hapiti kitu. Sasa komeo limehamia gotini, wenzake wakamtumia ujumbe kumpongeza. Yeye hakuona cha kucheka.

Inafaa pia kusema ukweli kuhusu jinsi mguu ulivyovunjika, maana nyumbani ilitangazwa kuwa ni ajali ya michezo. Komeo alipanda juu ya paa la stoo ya shule akiwa amejifunga shuka jeupe, akaruka akilia kwa sauti ya mzimu ili wanafunzi wa kidato cha kwanza wapate elimu ya ziada. Bahati mbaya wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wameshapita. Aliyeshuhudia ni mpishi mmoja, ambaye hakushtuka hata kidogo, alimwuliza tu, "Na shuka la shule hilo umelichania wapi?"

Basi akaletwa kwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba, kwa kuwa nyumba yake haina ngazi na hospitali ipo jirani. Shangazi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ni cha kushonea, chumba cha nyuma ni cha Komeo: kitanda, kiti, magongo mawili, na dirisha moja lenye nondo linalotazama mtaani. Kutoka kitandani aliona fundi viatu akipiga misumari, aliona watoto wakipiga mpira kwenye ukuta, na kutwa nzima alisikia cherehani ikisaga, tiki-tiki-tiki, ikinyamaza mteja akiingia, ikianza tena mteja akitoka. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Sare zilijaa mpaka juu ya friji.

Mtaalamu wa fiziotherapia alikuja nyumbani wiki ya kwanza. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, na kila mtu alimwita Madam, hata fundi viatu aliyekuwa mkubwa kwake. Alimpima Komeo goti kwa rula ya plastiki yenye mikono miwili, kisha akatoa mfukoni mikanda miwili myeusi, kila mmoja na kidude kidogo kama kifungo cha koti.

"Mmoja paja, mmoja muundi, hapa chini ya goti," alisema. "Vinapima goti linakunja kiasi gani, vinapeleka kwenye simu yako, simu inaleta kwangu. Zamani ningekuja kila siku. Siku hizi nina wagonjwa mtaa mzima na miguu miwili tu."

"Kwa hiyo nafanya mazoezi na simu?"

"Unafanya mazoezi na goti. Simu inashuhudia." Akamtazama machoni. "Sikiliza, Komeo. Mwalimu mkuu wako amesema bweni lenu lipo ghorofani, hakupokei mpaka upande ngazi. Siku ya kufungua shule, goti hili liwe limefika pembe mraba. Likifika, unarudi. Lisipofika, daktari wa mifupa atakulaza usingizi, alikunje kwa mikono yake. Na ukiamka hapo, shule utaisikia redioni."

"Linauma, Madam?"

"Lipi? La daktari au langu?"

"Lolote."

"Yote," alisema Madam kwa moyo mweupe, akaenda zake.

Ndani ya simu alikaa mwanamke mwingine, mwenye sauti laini kama ya tangazo la sabuni. Komeo alimpa jina la Mama Hongera, kwa kuwa Madam alimwahidi kwamba akifanya vizuri atapongezwa. "Lala chali," alisema Mama Hongera. "Buruta kisigino kuelekea makalioni. Taratibu." Komeo akaburuta. Kisigino kilitembea vizuri kwa urefu wa kiberiti, halafu maumivu yakaingia gotini kama mtu anayevunja mlango. Akaacha.

"Bado kidogo," alisema Mama Hongera. "Jaribu tena."

Mtu asimdhanie Komeo mwoga. Alishawahi kudaka mpira kwa pua. Alishawahi kukanyagwa na mshambuliaji mwenye njumu, akacheka. Lakini kuumizwa na mwenzako kwenye mchezo ni jambo moja. Kujiumiza mwenyewe, kwa hiari yako, asubuhi, umeshiba chai, huku mwanamke asiyekuwepo akikwambia bado kidogo, ni jambo linalohitaji ushujaa wa aina nyingine. Komeo alipekua ndani ya nafsi yake akitafuta aina hiyo. Haikuwepo. Akavua mikanda, akaitazama, na hapo akili iliyompandisha juu ya stoo ikaamka.

Katika ukoo wao viatu vipya havivaliwi na mwenyewe kwanza. Vinavaliwa na mtu mwenye miguu iliyokomaa mpaka vilainike, ndipo mwenyewe akabidhiwe. Kazi hiyo, tangu utotoni, ni ya Shangazi. Alilainisha viatu vya wadogo zake wote. Komeo alipokwenda bweni mara ya kwanza, Shangazi alizunguka sokoni na viatu vyake vyeusi vya shule chini ya gauni la maua, bila aibu, akipatana bei ya vitunguu.

"Shangazi," aliita Komeo kwa sauti ya mgonjwa. "Hii mikanda ni mipya. Inabana."

Cherehani ikanyamaza. Shangazi akatokea mlangoni, futi shingoni, pini mdomoni.

"Inabana wapi?"

"Huku kote. Nafikiri haijazoea mguu."

Shangazi akaitoa pini mdomoni ili aonyeshe kukasirika vizuri. "Na ulikuwa unangoja nini kusema? Ngozi yenyewe ya mgonjwa, laini kama ya mtoto! Hebu lete. Hawa wa hospitali wanajua mashine, hawajui kuvaa." Akaketi kitandani, akajifunga mikanda mguu wa kulia, akarudi kwenye cherehani yake, na tiki-tiki ikaanza.

Simu mkononi mwa Komeo ikatetemeka. "Hongera!" alisema Mama Hongera. "Hongera sana! Hongera!"

Tangu siku hiyo mikanda haikumaliza kulainika. Kila asubuhi Komeo alilalamika kidogo, kila asubuhi Shangazi aliichukua. Goti la mtu aketiye kwenye cherehani linakaa kwenye pembe mraba kutwa, likipanda na kushuka na pedeli. Kwenye simu mstari wa kijani ulipanda kama moshi. Komeo alilala chali akisoma vichekesho, akapongezwa hadi akachoka.

Madam akapiga simu ya video. Uso wake uliijaza skrini yote.

"Wewe kijana! Nimeona! Mpaka nimewaonyesha wenzangu."

"Najitahidi, Madam," alisema Komeo, akiinamisha macho kama bikizee kanisani.

"Sasa sikia. Kwa mwendo huu nyumbani kwako sina haja ya kuja tena. Wapo walioumia zaidi. Tutaonana hospitali."

Komeo alikata simu akafurahi kwa muda wa kula ndizi moja. Halafu akajaribu kuvaa soksi.

Hakuifikia. Wiki iliyopita aliifikia kwa shida. Leo vidole vyake vilisimama hewani, na soksi ikining'inia mbele yake kama bendera ya kusalimu amri. Alilisukuma goti kwa mikono miwili. Lilikunja kidogo kuliko siku plasta ilipotoka. Humo ndani, wakati yeye akipongezwa, kitu kilikuwa kinakaza taratibu, kama simenti.

Ni rahisi kusema angeungama palepale. Komeo mwenyewe alisema hivyo, moyoni, kila siku. Lakini Shangazi alishampigia simu baba, baba alishatangaza kazini kwake, na wateja waliokuja kupimwa sketi waliingiza vichwa chumbani kumpa mkono. Fundi viatu alipiga nyundo hewani kumsalimu. Watoto wa mpira walining'inia kwenye nondo.

"Kipa wa dirishani! Unarudi lini?"

"Karibuni tu!"

"Shangazi yako anasema unakunja kama panzi!"

"Ehee," alisema Komeo. "Kama panzi."

Kila aliyempongeza alikuwa kama ameongeza nondo moja dirishani. Alijaribu kufanya mazoezi ya kweli kwa siri, bila mikanda, akiwa ameng'ata mto. Maumivu yalikuwa yameongezeka, naye alikuwa amebaki yuleyule. Akaacha. Asubuhi akasema mikanda inabana.

Kisha Madam akapiga tena, safari hii akiwa amesimama, kwa furaha. Hospitali imepata mashine mpya ya kufundishia kutembea. Wageni watakuja kuitazama siku ya kuzinduliwa, pamoja na daktari wa mifupa na wanafunzi wa fiziotherapia. Anahitaji mgonjwa mmoja wa mfano.

"Nimekuchagua wewe."

"Madam, wapo wanaostahili kuliko mimi."

"Umesikia, Shangazi? Unyenyekevu huo!"

"Amelelewa," alisema Shangazi nyuma ya Komeo.

Mashine ilisimama katikati ya ukumbi wa mazoezi kama kiti cha enzi cha mfalme asiyejulikana. Chini palikuwa na mkanda mpana wa kutembelea. Juu ilining'inia mishipi ya kumshika mtu kifuani asianguke. Katikati palikuwa na miguu miwili ya chuma yenye viungo vya kiuno na goti, ya kufungwa kwenye miguu ya mtu na kumtembeza. Komeo alifungwa kifua, akafungwa mapaja, akafungwa miundi juu ya suruali yake ndefu. Kila kifungo kililia *ka!* Mbele walikaa wageni wenye tai, daktari wa mifupa mwenye mikono ya mchimba visima, wanafunzi waliovaa makoti meupe, na Shangazi katika gauni lake la harusi za watu, mguu wa kulia ameutanguliza mbele kidogo.

"Mashine hii haikisii," Madam aliwaambia wageni. "Inapokea vipimo vya goti kutoka nyumbani kwa mgonjwa na kuanzia hapohapo. Huyu kijana ameshafika pembe mraba, kwa hiyo leo atapanda ngazi." Akamwekea Komeo mkononi kidude chenye kitufe chekundu. "Ukipata shida, bonyeza. Lakini hutapata."

Akamvika miwani mikubwa. Ukumbi ukatoweka. Mbele ya Komeo zikatokea ngazi za zege zenye reli ya kijani, zikipanda kwenye mwanga, na moyo wake ukaruka, kwa sababu zilifanana kabisa na ngazi za bweni lao.

Miguu ya chuma ikaanza. Hatua za mwanzo zilikuwa za tambarare, fupifupi, na Komeo akathubutu kutumaini kwamba mashine nayo ni mvivu. Kisha ngazi ya kwanza ikasogea. Chuma kikamnyanyua paja, kikaanza kulikunja goti lake, taratibu, kwa adabu, bila haraka yoyote, kuelekea pembe mraba ya mwanamke aliyeketi mstari wa mbele.

Akainua kiuno ili aidanganye. Mashine haikudanganyika. Akakaza mguu, chuma kikangoja kidogo, kikaendelea. Kitufe kilikuwa chini ya kidole gumba, lakini kukibonyeza ilikuwa ni kusema yote, mbele ya tai zote zile. Ngazi za bweni zilikuwa puani kwake, hakuzifikia. Jasho likaingia ndani ya miwani. Goti likafika pale ambapo hukataa, na chuma hakikujua neno hilo.

"Simamisha!" alipiga kelele, akabonyeza kwa nguvu zake zote. "Simamisheni! Hilo goti si langu! Ni la shangazi yangu!"

Mashine ikatulia. Ukumbi ukatulia kuliko mashine.

"La nani?" aliuliza mwanafunzi mmoja.

"Goti langu limefanya nini?" alisema Shangazi.

Madam alimvua miwani. Alifungua vifungo, akampandisha suruali, akalishika goti kwa viganja vyote viwili, mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyepashika tangu wiki ile ya kwanza, akalikunja polepole mpaka lilipokataa. Akatoa rula yake ya plastiki. Goti halikufika hata nusu ya pembe mraba. Komeo alieleza kila kitu, mikanda, viatu, cherehani, na kadiri alivyoeleza ndivyo wageni walivyozidi kuchunguza dari.

"Ilitakiwa nikushike kwanza kabla ya kukufunga humu," alisema Madam hatimaye. "Kwa mkono wangu. Nikaiamini simu. Hilo ni kosa langu, na lako tutalijadili." Kisha akakunja uso, kama mtu aliyekumbuka jiko limebaki linawaka. Akageuka. "Shangazi, nyoosha mguu."

"Mimi nimemsindikiza mtoto tu."

"Wa kulia. Nyoosha."

"Mwanangu, tuna wageni hapa."

"Kuna kitu kilinisumbua kwenye vile vipimo," Madam alisema, ameshapiga magoti mbele yake. "Goti linakunja vizuri, lakini halikunyooka hata mara moja. Mchana kutwa, hata mwenye goti akisimama. Nikasema ni plasta, litaachia." Akapandisha gauni kidogo. Goti la Shangazi lilikuwa limevimba, duara kama andazi, na mguu ulipovutwa ulibaki umepinda. "Tangu lini?"

"Ah. Linauma baridi ikija."

"Na joto?"

"Joto nalo lina lake," alikiri Shangazi.

Komeo aliangalia sakafu. Alikuwa ameona jinsi Shangazi anavyojishika mezani ili ainuke. Aliona vizuri sana, maana shuleni alikuwa akiigiza mwendo ule, na bweni zima lilikuwa likianguka kwa kicheko.

Daktari wa mifupa alisimama, akajipangusa mikono kama anayeanza kazi. "Kijana huyu namwandikia chumba cha upasuaji kesho."

"Nipe mpaka shule zifunguliwe," alisema Madam.

"Muda ameuchezea mwenyewe."

"Nipe hizo siku zilizobaki. Nitakwenda mwenyewe."

Daktari alimtazama Komeo kama anavyotazamwa mbuzi wa kununuliwa. "Siku ya kufungua shule utanipigia. Goti likiwa hivi, nampeleka ndani jioni hiyohiyo."

Nyumbani Shangazi alivua gauni la harusi za watu, akavaa la kazi, akaja kusimama mlangoni pa chumba cha nyuma.

"Umenivalisha uongo mguuni. Mimi, niliyekulainishia viatu."

"Nisamehe, Shangazi."

"Samahani yako ishone zile sketi?" Akaonyesha rundo juu ya friji. "Madam amenikataza pedeli mpaka uvimbe ushuke. Nimekaa kwenye kile kiti tangu kabla baba yako hajaota ndevu, leo nimekatazwa. Nani atakanyaga?"

Komeo alitazama kushoto na kulia. Chumbani hakukuwa na mtu mwingine.

Siku zilizofuata hazina utukufu wowote wa kusimulia. Madam alikuja kila siku kabla ya kazi zake, na viganja vyake havikuwa na kitufe chekundu. Komeo alilala kifudifudi, kitambaa kimefungwa kwenye kifundo, akavuta mwenyewe, akalia mwenyewe, bila mto, kwa kuwa Shangazi alisema mito yake haing'atwi tena. Watoto wa mpira walitazama dirishani kama wapo sinema. Mikanda sasa ilikuwa kwenye mguu wake halisi, na Mama Hongera alikuwa amesahau kabisa neno lake. "Bado kidogo. Jaribu tena. Bado kidogo." Kwa upande wa pili wa ukuta, Shangazi naye alikuwa amepewa mikanda yake, ya kujifunza kunyoosha, na simu yake ilikuwa haiishi kumpongeza.

"Hongera sana!"

"Umesikia?" Shangazi alipaza sauti. "Mimi huyo. Goti langu halijambo likisema kwa niaba yake lenyewe."

Kila jioni Komeo aliburutwa kwenye kiti cha cherehani ajaribu kuketi kama fundi. Mguu ulitoka pembeni kama mpini wa jembe, wateja wakauruka. Kisha ukaanza kuingia chini ya meza. Kisha ncha ya kiatu ikagusa pedeli. Alijifunza kusukuma kwa vidole, mguu wa kushoto ukisaidia, na Shangazi akiongoza kitambaa kwa mikono. Pindo la kwanza lilipinda kama njia ya mbuzi. Ilikuwa suruali ya shule yake mwenyewe, na kwa saizi ile ya kiuno, hakuwa na shaka ni ya kiranja mkuu, aliyekaa mtaa huohuo. Shangazi alitaka ifumuliwe. Komeo akaificha katikati ya zilizokamilika.

Siku ya kufungua shule Madam alifika mapema. Alimketisha Komeo kwenye cherehani, akaweka rula yake gotini, akatazama, akatazama tena, akampigia daktari.

"Halijafika pembe mraba," alisema kwenye simu. Komeo alifumba macho. "Lakini limekaribia, na linaongezeka kila siku. Nimelishika kwa mkono. Ndiyo. Kwa mkono wangu." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Asante." Akairudisha simu mfukoni. "Hulazwi. Anasema endelea hivihivi."

"Na shule?"

"Ngazi huziwezi, Komeo. Muhula ujao."

Basi la shule likapita mtaani wakati huohuo, masanduku juu ya paa, na vichwa vikatokea madirishani. "Komeo! Komeo! Fundi cherehani!" Lilisimama kumchukua kiranja mkuu, ambaye alipanda kwa madaha, kitabu kwapani, mguu mmoja wa suruali ukiwa umepinda na mfupi kuliko mwenzake. Komeo akainua mkono. Basi likaondoka, likaacha vumbi, fundi viatu na ule ukuta wa mpira.

Akarudisha mguu kwenye pedeli. Kisigino chote kililala pale, kwa mara ya kwanza, bapa. Akakanyaga. Goti likauma, likaenda. Tiki. Tiki-tiki.

"Hongera!" alisema Mama Hongera.

"Mimi huyo," alisema Shangazi bila kuinua kichwa. Kisha akakumbuka kwamba simu yake ilikuwa inachajiwa chumbani. Wakatazamana. Komeo akaegemeza mikono mezani ili ainuke, angalau afike mlangoni, apunge mkono, apige kelele kidogo.

"Kaa hapo," alisema Shangazi, akimsogezea sketi nyingine chini ya sindano. "Kanyaga."